Nimehamishwa kutoka wodi ya wanaume kwenda kwa watoto njiti na mikono inaganda, je mimi sifai?

Swali: "Habari mwalimu. Mimi ni nesi, nina miaka tisa kazini na yote nimekaa wodi ya wanaume medical. Kule najijua, hata madaktari wapya walikuwa wanakuja kuniuliza mimi. Mwezi uliopita nimehamishiwa NCU, wodi ya watoto wachanga wagonjwa na njiti, kwa sababu watu ni wachache. Nilipelekwa semina ya siku moja ya kumsaidia mtoto apumue, kwenye mdoli nilifanya vizuri na cheti nikapata. Wiki iliyopita usiku akaletwa mtoto kutoka leba, amezaliwa amechoka, hapumui. Nikashika ambubegi, ule mfuko wa kumpa mtoto hewa, na mikono ikaganda. Mwenzangu ambaye ana miaka miwili tu kazini akaichukua akaendelea yeye, mtoto akalia. Tangu siku ile naogopa hata kushika mguu wa mtoto wa kilo moja. Kumuuliza yule binti kila kitu naona aibu, ni mdogo sana kwangu. Wengine wananiambia we si mama wa watoto wawili bwana, utazoea tu. Niombe kurudi nilikotoka? Niende kusoma? Au kweli nitazoea? Na je hii inamaanisha mimi sio nesi mzuri?"

Jibu:

Dada yangu pole na kazi, na pole na ule usiku. Kwanza kabisa mtoto alilia, hilo tulishike kabla ya yote, maana kulikuwa na watu wawili pale na kazi ikafanyika. Umeuliza maswali manne ila mimi naona chini yake kuna moja, kwamba inawezekanaje miaka tisa ya kazi ikapotea kwa usiku mmoja. Nakujibu moja kwa moja: haijapotea, ila sehemu kubwa ya ile miaka tisa mikono yako iliifanyia mazoezi kwa mwili wa mtu mzima, na mtoto mchanga sio mtu mzima aliyepunguzwa saizi. Kuna vitu utahama navyo na vitasaidia sana, na kuna vitu inabidi uviache mlangoni kwa sababu ukiingia navyo vitaumiza mtoto. Anayekuambia utazoea tu anakutakia mema lakini hajakusaidia, kwa sababu mtu anaweza kuzoea kitu chochote, hata kufanya vibaya kila siku unazoea. Unachohitaji ni kujifunza, na kujifunza kuna namna yake.

Hilo la kujiona umerudi kuwa mwanafunzi lina maelezo ya siku nyingi. Mwaka 1984 nesi mmoja wa Marekani, Patricia Benner, alieleza jinsi nesi anavyopanda ngazi tano, kuanzia yule anayeanza ambaye anategemea kanuni za kwenye karatasi mpaka yule bingwa ambaye anaingia wodini anatupa jicho tu na anajua kitanda cha nne kuna shida hata kabla hajapima presha. Na kitu ambacho watu wengi wanakisahau kwenye maelezo yake ni kwamba ngazi hizo hazikai kwa mtu, zinakaa kwa mtu na wodi yake. Nesi bingwa akihamia kwa wagonjwa ambao hajawahi kuwahudumia anarudi chini kabisa kama wa kwanza. Kwa hiyo unachopitia ndicho kinachotegemewa kwa mtu yeyote aliyehama kama ulivyohama wewe, na wala hakisemi chochote kuhusu kama wewe ni nesi mzuri au mbaya. Kinachosema ni pale ambapo mtu amehama na anajifanya hajahama. Huyo ndio mimi naogopa kumwachia wodi usiku, kuliko wewe unayeogopa.

Sasa tuje kwenye mikono kuganda. Wewe kwa miaka tisa mgonjwa akizimika umefundishwa na umefanya kitu kimoja, unaangalia mapigo, unaanza kukandamiza kifua. Kwa mtu mzima mara nyingi moyo ndio unaotangulia kusimama. Kwa mtoto anayezaliwa amechoka ni kinyume, mara nyingi moyo bado upo, unapiga taratibu kwa sababu mapafu hayajafunguka, bado yana maji aliyokuwa nayo tumboni, na hewa haijaingia. Ukimpa hewa vizuri moyo wenyewe unapanda, wengi hawahitaji kukandamizwa kifua kabisa. Ndio maana kila mwongozo wa mtoto mchanga unakuambia mkaushe, mpe joto, msugue mgongo, na kama hapumui ndani ya dakika ya kwanza, ile wanayoiita dakika ya dhahabu, awe ameshaanza kupewa hewa kwa ambubegi, pumzi 40 mpaka 60 kwa dakika. Sasa jiweke kwenye nafasi yako usiku ule: kichwani una semina ya siku moja inasema hewa kwanza, mwilini una miaka tisa inayosema kifua kwanza, na mtu akiwa na hofu mwili ndio unatangulia kwenye kile ulichokirudia mara nyingi zaidi. Mimi naamini mikono yako iliganda kwa sababu ilikuwa na amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Haikuwa uzembe na haikuwa ujinga.

Na kuhusu cheti cha semina, nataka nikupe ushahidi wa hapa hapa kwetu maana unahusu jambo lako kabisa. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, watafiti waliangalia wakunga na manesi waliopewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto apumue. Baada ya miezi saba wakawapima kwenye mdoli, wakakuta wanafanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini walipoangalia watoto halisi kule leba, namna walivyokuwa wanahudumiwa haikuboreka, na vifo vya ndani ya saa 24 havikupungua. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2013. Yaani hali yako wewe, kufaulu kwenye mdoli na kukwama kwa mtoto, imeshapimwa na kuandikwa kwa kundi zima la watu wenye uzoefu. Walichofanya baadaye ndicho ninachotaka ukichukue: waliweka mdoli pale pale leba, watu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 mpaka 5 kila wiki, na mara moja kwa mwezi mazoezi marefu kidogo kama ya dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 mpaka 7.2. Ule ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada kwa hiyo huwezi kusema kila kitu kilitokana na mdoli, lakini utaratibu huo wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara ukaja kuwa sehemu ya mpango mkubwa wa vituo 30 kwenye mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yaliyotoka mwaka 2025 pia yalionyesha vifo vya watoto vimepungua. Kwa hiyo ukiniuliza mimi unahitaji semina nyingine nitakujibu hapana, unahitaji dakika tano, kila shifti ikiwezekana, na mdoli uwe hapo wodini, sio kwenye kabati la ofisi ya matron lililofungwa kwa kufuli (hii ya kufuli nimeiona sehemu nyingi na inaniuma sana).

Ukifanya hizo dakika tano usizifanye kwa kukimbiza. Shika mdoli, angalia mambo matatu tu. La kwanza kichwa: kwa mtu mzima umezoea kukivuta nyuma sana, mtoto ukimfanyia hivyo unaifunga njia ya hewa, kisogo chake ni kikubwa kwa hiyo akilala chali kidevu kinashuka kifuani, unachotaka ni shingo ikae sawa kama anayenusa kitu, wakati mwingine kitambaa kidogo chini ya mabega kinatosha. La pili barakoa: izibe mdomo na pua, isipande machoni wala isishuke kupita kidevu, vidole vyako vikandamize mfupa wa taya na sio nyama laini chini ya kidevu. La tatu kifua: kinapanda au hakipandi? Kama hakipandi hupigi haraka zaidi, unarudi kwenye kichwa na barakoa, unaangalia mdomoni kama kuna uchafu, unafungua mdomo kidogo, halafu ndio unaongeza nguvu ya kubana. Hofu inamfanya mtu apige haraka huku hewa yote inatokea pembeni ya barakoa, na anaona anafanya kazi kubwa kumbe mtoto hajapata hata pumzi moja. Sema kwa sauti unachofanya wakati wa mazoezi, "kichwa, barakoa, kifua", kwa sababu siku ya hofu kichwa kikizima mdomo unakukumbusha. Fanya mpaka ikuchoshe, afu endelea.

Kitu cha pili ambacho lazima kibadilike ni macho yako kwenye namba. Wodi ya wanaume umezoea lita. Mtoto wa kilo moja na nusu damu yake yote mwilini ni kama mililita 120 mpaka 135, haifiki hata nusu ya chupa ya soda. Ukimtoa mililita 3 kwa ajili ya vipimo, kwa uwiano ni sawasawa na kumtoa mtu mzima wa kilo 60 karibu mililita 100. Kwa hiyo pale unauliza maabara wanahitaji kiasi gani hasa na unatoa hicho hicho. Dripu nayo: tuseme huyo mtoto yuko siku ya kwanza na ameandikiwa mililita 60 kwa kilo, hiyo ni mililita 90 kwa saa 24, inakuja kama 3.75 kwa saa. Ukitumia seti ya watu wazima yenye matone 20 kwa mililita hata tone moja na robo kwa dakika halihesabiki vizuri, ukitikisa kitanda tu umempa mara mbili. Ndio maana tunatumia soluset, seti ya dripu yenye chemba ndogo, ambayo matone 60 ni mililita moja, na uzuri wake ni kwamba mililita kwa saa ndio idadi ya matone kwa dakika, 3.75 unaweka karibu matone 4 na hukokotoi tena. Na kwenye ile chemba ya soluset usijaze kiasi cha siku nzima, jaza cha saa chache ili hata kikifunguka kwa bahati mbaya mtoto asimezwe na maji. Huo ni mfano tu, kiasi chenyewe kinategemea uzito, siku za mtoto na mwongozo wa wodi yenu, ufuate huo.

Dawa hapo ndio nakuomba uwe mwoga milele, hofu hiyo usiipoteze. Jentamisini unayoijua ni ampulu ya miligramu 80 ndani ya mililita 2. Mtoto wa kilo 3 aliyetimiza miezi yake ameandikiwa miligramu 5 kwa kilo, hiyo ni 15. Ukivuta moja kwa moja kwenye ampulu unatafuta mililita 0.375, nani anaipata hiyo kwenye bomba la mililita 5 saa tisa usiku? Ukiongeza maji ya sindano mililita 6 juu ya zile 2 zinakuwa 8, sasa kila mililita ina miligramu 10, unavuta 1.5 na umemaliza. Makosa ya kwa watoto wachanga mara nyingi ni ya nukta, mtu anampa mara kumi ya dozi, na kwa jicho la mtu wa wodi ya watu wazima bado anaona ni dawa kidogo tu kwenye bomba. Wewe ulishazoea kwamba kidogo ni salama. Huku hamna kidogo. Kila dawa ihesabiwe na watu wawili, kila mtu kwenye karatasi yake, ndio mlinganishe. Wawili kuangalia karatasi moja sio kuhakiki, ni kukubaliana.

Halafu dalili. Mgonjwa wako wa zamani alikuwa anakuambia sista kifua kinabana. Huyu hasemi, na anachokifanya akiumwa mara nyingi kinafanana na utulivu. Mtu mzima mwenye maambukizi umezoea kumkuta anachemka, mtoto njiti mwenye maambukizi mara nyingi anapoa, joto linashuka chini ya 36.5, ananyonya vibaya au anaacha kabisa, anasahau kupumua kwa sekunde kadhaa, rangi inabadilika. Ukisikia kwenye ripoti ya asubuhi "huyu hajasumbua kabisa usiku", nenda kwake kwanza, mshike miguu, mpime joto, mpime sukari. Sukari ikiwa chini ya 2.5 mmol/L hiyo ni dharura, usisubiri raundi. Na oksijeni nayo, hapa manesi wa watu wazima wanapata shida sana kwa sababu wao wakiona asilimia 99 kwenye mashine wanafurahi. Mtoto njiti aliye kwenye oksijeni tunamtaka abaki kati ya 90 na 95, akipanda sana tunapunguza, kwa sababu mishipa ya macho yake haijakomaa na oksijeni iliyozidi inaweza kumfanya awe kipofu. Kama anapumua hewa ya kawaida ya chumba na inasoma 99, huyo hana shida mwache. CPAP ya mapovu, kile kifaa kinachompa mtoto hewa yenye presha kupitia puani, utaielewa haraka kuliko unavyofikiri ukishajua kwamba presha anayopata mtoto ni kina cha bomba ndani ya maji, bomba likizama sentimita 5 hiyo ndio presha yake, na mapovu yakikoma maana yake kuna mahali hewa inavuja, anza kuangalia puani, mdomoni, halafu fuata bomba mpaka mwisho. Ukikuta hayachezi usiongeze kitu chochote kabla hujatafuta panapovuja.

Nimekaa sana kwenye vitu vya kuacha, sasa vile unavyohama navyo. Miaka tisa umejifunza kupanga kazi za wagonjwa wengi kwa mikono michache, kujua daktari gani umwamshe na umwambieje, kumsikiliza ndugu aliyepaniki, kunawa mikono bila kukumbushwa, kuandika chati inayosomeka, kumkatalia mtu anayetaka kuruka hatua. Yule binti wa miaka miwili hana hivyo, au anavyo nusu. Na hilo la wenzako kusema wewe ni mama, kwenye ufundi halisaidii, kulea mtoto wako mwenye kilo tatu na nusu hakukufundishi kitu kuhusu njiti wa kilo moja, ila kuna sehemu moja linasaidia kweli kweli nayo ni kukaa na wale akina mama. Utafiti uliotoka mwaka 2021 uliofanyika nchi tano ikiwemo Tanzania ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani kwa mama mapema, hata kabla hali haijatulia vizuri, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na wale waliosubirishwa mpaka watulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo, sasa wanasema kangaruu, yaani huko kumweka mtoto kifuani kwa mama, ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Hii inahitaji nesi ambaye mama aliyechanika, aliyechoka, mwenye hofu ya kumvunja mtoto, atamwamini. Hiyo unaiweza leo jioni. Na ukikaa na mama akimshika mtoto wa kilo moja, na wewe mkono wako utapoteza woga wa kumgusa, nimeona ikitokea kwa wengi waliohama kama wewe.

Kuhusu yule mdogo wako. Naelewa aibu, tumelelewa kwamba mkubwa ndio anafundisha. Lakini mwangalie alivyofanya usiku ule, alichukua ambubegi akafanya kazi, na kwa ulivyoandika hakukusema vibaya wala hakukutangaza. Huyo ni mtu wa kumwendea. Mwite pembeni kabla shifti haijaanza, umwambie wazi, mdogo wangu mimi huku ni mgeni, leo nataka unisimamie nikiweka kanula, usinishikie mkono mpaka nikuombe, nikikosea niambie hapo hapo. Ukimpa ruhusa kwa maneno unamwondolea na yeye mzigo, maana naye anakuogopa, wewe ni dada yake kazini na hajui aanzeje kukusahihisha. Kitu kimoja tu, usimuulize juu juu "hivi inafanywaje", utapata jibu la juu juu. Uliza kitu chenye namba na sababu: "huyu nimehesabu matone manne, angalia hesabu yangu", au "kwa nini huyu umempunguzia oksijeni?" Na kutazama tu hakutoshi, unaweza kutazama kanula hamsini zikiwekwa na ya hamsini na moja ukaikosa. Tazama moja, fanya moja huku anakutazama, halafu mwelezee mwanafunzi ulivyofanya.

Kwa inchaji nako nenda, na usiende na malalamiko, nenda na karatasi. Andika vitu ambavyo wodi yenu inavifanya kila siku: kumpa mtoto hewa kwa ambubegi, kuandaa na kuangalia CPAP, kanula, hesabu ya maji na dawa, sukari, kumlisha kwa mpira na kuhakikisha umekaa tumboni, taa ya kutibu manjano, kangaruu, kupokea mtoto kutoka leba. Mbele ya kila kimoja weka nafasi mbili, tarehe uliyofanya ukisimamiwa na tarehe uliyofanya mwenyewe na mtu akasaini. Halafu omba kitu kimoja, usipangwe usiku bila mtu mwenye uzoefu wa pale mpaka vile vya kuokoa maisha viwe vimesainiwa. Najua upungufu ulivyo, najua atakuambia watu hawapo, ila lisemwe na liandikwe, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya leseni yako. Na vitu kama kuweka mpira kwenye mshipa wa kitovu au mpira wa hewa kwenye koo, kama hujafundishwa na kuruhusiwa rasmi usivifanye kwa sababu tu umeambiwa harakisha. Kusema "hiki sijafundishwa" mbele ya daktari sio kosa, ni wajibu wako kwa mujibu wa leseni uliyonayo.

Sasa chaguzi zako. Kurudi wodi ya wanaume: inawezekana na sio dhambi, ila mimi nisingeamua ndani ya mwezi ambao nimetoka kutishika, kwa sababu ukiondoka sasa utaondoka na ile picha ya mikono kuganda na itakufuata huko. Jipe kama miezi mitatu mpaka sita ya kujifunza kwa mpango, yenye ile karatasi, halafu angalia. Kama baada ya hapo vitu vingi vimesainiwa na bado kila asubuhi unaamka huipendi kazi ya huku, omba uhamisho kwa moyo safi, kuna manesi wazuri sana ambao watoto wachanga sio sehemu yao. Ila kama miezi imepita na karatasi iko tupu, usiseme umeshindwa, sema hujafundishwa, hayo ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kusoma ni jambo zuri lakini angalia unasoma kutibu nini. MUHAS wana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, Kenya KMTC wana diploma za juu kwa wauguzi waliosajiliwa kwenye fani kama wagonjwa mahututi na figo, zote ni kozi za maana, lakini hakuna itakayokutoa woga wa ambubegi wiki ijayo, na ukikimbilia shule kwa sababu ya hofu utarudi na cheti kikubwa zaidi na hofu ile ile. Pata kwanza mikono hapo ulipo, ukishajua unapenda nini ndio uchague kozi, na kabla hujalipa ada uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga kama wanaitambua. Mafunzo ya hapo hapo hospitali nayo usiyadharau, uliza namna ya kuyaingiza kwenye pointi zako za mafunzo endelevu maana leseni inazihitaji.

Mimi nakujibu kwa maandishi, sijaona mikono yako. Kuna vitu lazima mtu avione kwa macho, kwa hiyo tafuta mtu mmoja hapo hospitali, nesi mkongwe wa NCU au daktari wa watoto, akutazame ukifanya kwa mdoli kuanzia mwanzo mpaka mwisho na akuambie ukweli. Omba pia muongelee ule usiku, wewe na yule binti na inchaji, robo saa tu, nini kilitokea, nini kiliwekwa wapi, nani alisimama upande gani, bila kutafuta wa kulaumiwa. Watoto watakufa pia mikononi mwenu, hilo nakuambia sasa ili lisikukute peke yako, njiti wengine wanaondoka hata kila kitu kikifanyika sawa, na wodi nzuri wanaongea baada ya kila kifo.

Ila ukiona usingizi umekata kwa wiki mbili na zaidi, unaota ule usiku unajirudia, unatetemeka ukikaribia mlango wa wodi, unalia bila sababu, umeanza kunywa ili ulale, au unawaza afadhali usingekuwepo, hapo sio suala la mazoezi tena. Nenda kliniki ya afya ya akili, na kama unaona aibu kutibiwa pale unapofanya kazi nenda hospitali nyingine, na kama hilo wazo la mwisho lipo usisubiri kesho, mwambie mtu wako wa karibu leo hii akupeleke. Vinginevyo, shifti yako ijayo ingia dakika kumi kabla, mtafute mdoli ulipo, na kama umefungiwa mahali muulize inchaji ufunguo anao nani.